Tairi la 26

Mama mkwe wangu hakuwa na ugomvi na baiskeli. Alichokataa ni zilale sebuleni. Jioni ile baba watoto alipofika nyumbani kwetu Msewe na kirikuu cha mdogo wake kikiwa kimebeba baiskeli nne za mtumba, mama alikuwa barazani kwenye mkeka akipeta mchele. Akatazama zinavyoshushwa moja moja, akaweka ungo chini, kisha akamwuliza mwanawe kwa sauti ya chini, "Baba, hizi umewapimia akina nani?"

Hakumpimia mtu. Alisikia kazini kwamba Kariakoo kuna mfanyabiashara amefungua kontena, akampigia shemeji, wakaenda. Nia yake naitetea mpaka leo. Daktari alishamwonya kuhusu presha na kukaa ofisini kutwa. Watoto nao Jumamosi nzima walikuwa wameinamia simu, kila mmoja chumbani kwake, na mimi nilikuwa nimechoka na familia inayotoka pamoja kwa ajili ya misiba na harusi tu. Nilitaka tuwe na jambo letu sote, la nje, lisilo na mchango wala sare.

Zilizoshuka ni hizi: moja ya Kijapani, ya bluu, ina kapu mbele, keria nyuma na taa ya dinamo, mbili za gia zenye matairi mapana ya meno, nyeusi na nyekundu, na ndogo ya magurudumu ya 20 kwa kitinda mimba wetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka tisa. Pampu haikuwepo, helmeti hazikuwepo, kufuli halikuwepo. Baba watoto alikuwa amejinunulia glavu na miwani ya jua.

Asubuhi yake nilimkuta mama uani. Ameinua gurudumu la mbele la ile nyekundu, analizungusha kwa kidole, sikio amelisogeza karibu na katikati ya spoki.

"Hii inalia," akasema. "Gololi zake zimekwisha. Ile ya bluu ni nzima, mtu asiiguse."

Mama ni mtu wa Shinyanga. Huko kwao baiskeli ilibeba pamba hadi kwenye chama cha ushirika, madumu ya maji, gunia la mahindi, mgonjwa wa kupelekwa zahanati na bibi harusi wa kupelekwa kwa mumewe. Ya marehemu baba mkwe ilikuwa Phoenix nyeusi ya magurudumu ya 28, breki zake vyuma virefu vilivyoshuka kutoka kwenye usukani bila waya hata mmoja, na mama ndiye aliyekuwa akiipaka mafuta kila mwisho wa juma. Mwanawe aliyekulia nyuma ya keria ile alikuwa amekwenda Kariakoo bila kumwuliza. Hakumlaumu. Aliomba tu spana.

Akaanza na viti. Binti yetu, kifungua mimba, ana miaka 15 na amenipita urefu. Aliendesha ile nyekundu magoti yakikaribia kifua, na baada ya siku chache akawa analalamika kwamba magoti yanauma. Mama akamsimamisha kando ya ukuta, mkono ukutani. "Kaa vizuri. Weka kisigino kwenye pedeli, ishushe mpaka chini kabisa. Mguu umenyooka? Hapo ndipo pako." Kisha akamweleza kwamba akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Baba watoto alipotaka kukivuta chake zaidi ili aonekane mwanamichezo, mama akamwonyesha mistari iliyochongwa kwenye nguzo ya kiti: ikishaonekana juu ya bomba, nguzo imevutwa kupita kiasi na inaweza kuvunjika au kuchomoka mtu akiwa juu. Kwa kitinda mimba alifanya kinyume, akashusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikagusa ardhi. Anayejifunza anahitaji kwanza kujua kwamba akitaka kusimama atasimama.

Maumivu ya magoti ya binti yangu yalikwisha kwa spana moja na dakika kumi za bibi yake. Ninalisisitiza kwa sababu watu wengi wanaiacha baiskeli kwa maumivu ambayo dawa yake ni sentimita chache za bomba, wakidhani miili yao haifai au umri umewapita.

Kisa cha pedeli kilitokea mama akiwa kanisani. Pedeli ya kushoto ya baiskeli ndogo ilikuwa imepinda. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha, uani hapakaliki, basi baba watoto na shemeji wakaiingiza baiskeli sebuleni, wakailaza juu ya zulia, wakaweka spana ya 15 na kuanza kuzungusha upande ambao nati yoyote duniani hufunguliwa. Haikutikisika. Shemeji akaleta kipande cha bomba la maji, akakivika kwenye mpini wa spana apate nguvu zaidi. Mmoja akashika usukani, mwingine akaning'inia kwenye bomba. Spana ikachomoka, ikapaa, ikapita katikati ya kioo cha kabati la vyombo na kuishia kwenye seti ya glasi ambazo shangazi zangu walinipa siku ya kuozwa.

Kitinda mimba ndiye aliyefungua mlango bibi yake aliporudi. Mama alipita katikati ya vioo kwa uangalifu, akaitazama pedeli, akaangalia bomba liko upande gani. "Mmeikaza," akasema. "Ya kushoto hufunguliwa kinyume."

Na ndivyo ilivyo kwa baiskeli zote za kawaida. Pedeli ya kulia hufunguliwa kama nati nyingine. Ya kushoto ina hesi iliyogeuzwa makusudi, kwa sababu mzunguko wa kukanyaga kila siku ungeilegeza mpaka ianguke njiani. Mama aliitilia mafuta ya taa, akaiacha ilale, na kesho yake akawaamuru wanaume wale wale watumie bomba lile lile kwa upande wa pili. Ikatoka. Jioni ile amri ilisomwa mezani: baiskeli zote zining'inizwe kwenye ndoano za korido ya nyuma, na anayetaka kufungua nati afungulie uani, juu ya gunia. Kabati bado lina mbao mahali pa kioo.

Sasa tairi. Ile ya bluu ilikuwa yangu. Niliipenda tangu iliposhushwa, kwa sababu bomba lake limeinama katikati na mtu aliyevaa gauni au kitenge anapanda bila kurusha mguu. Lakini tairi lake la nyuma lilikuwa limekauka kwa kukaa miaka mingi stoo, ubavu umechanika nyufa ndogondogo. Baba watoto akasoma ubavuni: 26. Akaenda Kariakoo, akarudi na tairi jipya la 26, zuri, lenye harufu ya duka.

Halikuingia. Walilibana kwa magoti, wakalipaka sabuni, wakatumia vijiko vyangu vya kulia wali kama wenzo mpaka vikapinda. Fundi wa pembeni mwa barabara aliyeitwa kusaidia alisema tairi jipya siku zote huwa gumu, linataka nguvu. Akatumia bisibisi, akatoboa mpira wa ndani. Baba watoto akalirudisha Kariakoo. Muuzaji akamwambia 26 ni 26, akambadilishia jingine la kampuni nyingine. Hilo nalo likakataa. Nyumba nzima ilikuwa imeanza kuamini kwamba rimu ya Kijapani ina kasoro, na shemeji alishamtafuta mtu wa kuniuzia gurudumu zima.

Binti ndiye aliyekaa chini na matairi mawili, la zamani na jipya, akasoma maandishi madogo ambayo wanaume walikuwa wameyaruka. La zamani liliandikwa 26 x 1 3/8, na chini yake 37-590. Jipya liliandikwa 26 x 1.75, na chini yake 47-559. Namba ya kwanza katika jozi ile ndogo ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Milimita 590 na milimita 559 zina tofauti ya milimita 31. Hakuna sabuni wala kijiko kitakachoziba pengo hilo. Yote mawili yanaitwa 26 kwa sababu jina hilo la inchi lilitokana na ukubwa wa nje wa tairi za zamani, na kila nchi ilitengeneza zake kwa unene wake. Yale ya baiskeli za gia ni 559. Ya baiskeli nyingi za mjini za Kijapani ni 590. Yale makubwa ya Phoenix na baiskeli nyeusi za Kihindi, yanayoandikwa 28 x 1 1/2, ni 635.

Binti alipiga picha ubavu wa tairi la zamani kwa simu, akamtumia baba yake, na baba yake akamwonyesha muuzaji mwingine anayeshughulika na vipuri vya Kijapani. Tairi likaingia kwa vidole. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba yetu anayekwenda kununua kipuri bila picha ya kile kinachotoka.

Vali nayo ilikuwa na habari yake. Pampu iliyokuwa imenunuliwa kwa ajili ya baiskeli za gia ilikuwa na mdomo wa vali nene, ile ya gari. Ya Kijapani ina vali ya aina ya Phoenix, nyembamba, yenye kimpira kidogo ndani kinachofunga upepo usitoke. Kimpira hicho kikichoka, tairi hujazwa usiku na asubuhi limelala, na mtu anahangaika kutafuta tundu ambalo halipo. Mama alilijua hilo bila kufungua chochote: alilamba kidole, akagusa mdomo wa vali, povu dogo likachemka. Kimpira kipya bei yake ni sarafu tu.

Baada ya hapo ndipo niliposema na mimi neno langu kuhusu fedha, na baba watoto akalikubali: hakuna glavu nyingine wala nguo za kubana mpaka helmeti nne, kufuli, pampu yenye midomo miwili, taa ya nyuma na vifaa vya kuziba pancha viwe ndani ya nyumba. Helmeti tulizijaribu dukani vichwani mwa wenyewe. Inatakiwa ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, na ukitikisa kichwa isicheze. Binti alisuka nywele upya kwa ajili yake, mistari ya kulala kichwani, na nikamlipia msusi bila manung'uniko.

Breki tulizipima kwa macho. Zilikuwa na mipira minene, haijaliwa, tukaridhika. Ikaja Jumapili ya kwanza ya kutoka wote.

Bahati yetu ni kuishi nyuma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kampasi ya Mlimani iko kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, na Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi barabara zake ni tulivu: lami nzuri, miti mikubwa pande zote, tumbili wanakatiza, gari moja moja inapita polepole. Kwa familia inayoanza sijui mahali pazuri zaidi upande wetu wa jiji. Kuna tambarare ya kujifunzia na kuna miteremko ya kweli, na mteremko ndio uliotufundisha kuhusu breki. Kitinda mimba alitutangulia kushuka, akabana, na baiskeli ikaendelea. Mipira ile iliyoonekana mipya ilikuwa imekauka kwa miaka ya kukaa stoo, migumu kama kwato, inateleza juu ya rimu bila kushika. Mtoto alikuwa na akili ya kuacha lami na kuingia kwenye nyasi, halafu michongoma ikampokea. Akatoka na mikwaruzo mikononi na helmeti yenye majani. Alilia kidogo, kisha akauliza kama anaweza kushuka tena.

Nilitetemeka mpaka nyumbani. Mipira ya breki ilibadilishwa yote siku ya pili, pamoja na nyaya zilizokuwa zimeota kutu ndani ya ala zake. Kwa baiskeli ya mtumba hicho ndicho kitu cha kwanza cha kubadilisha, hata kiwe kinene vipi, hata muuzaji aape. Sasa kabla ya kutoka kila mmoja anaisukuma yake mbele huku amebana breki moja, kisha nyingine. Gurudumu lisipogoma kuzunguka, hatoki.

Watu huniuliza kwa nini hatuendeshi Barabara ya Morogoro, maana iko karibu nasi na ilijengewa njia za baiskeli pembeni pamoja na mwendokasi, ambayo mabasi yake yalianza kazi mwaka 2016. Tulikwenda. Bodaboda walitupita kulia na kushoto ndani ya njia ile ile, wengine wakitujia usoni. Mahali pengine njia imepangwa viatu na matunda, pengine mfuniko wa mtaro haupo, pengine inakatika bila taarifa na kukuacha mbele ya magari. Siwalaumu wachuuzi; jiji halijawapa pa kukaa. Lakini inaniuma, na nitalisema popote, kwamba fedha zilitumika, lami ikawekwa, na bado mama hawezi kumwachia mtoto wa miaka tisa aendeshe baiskeli kutoka Ubungo hadi Magomeni. Wanaoendesha pale kila siku, wauza mkaa, wauza mayai, vijana wa viwandani, hawana Mlimani wala kirikuu. Wao ndio wenye haki ya kwanza ya njia ile.

Basi tukatafuta kwingine kwa kufuata saa. Coco Beach alfajiri ni nchi nyingine kabisa. Shemeji alitushusha Masaki kabla jua halijapanda, tukafuata bahari kuelekea kusini, tukapanda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji hadi upande wa Hospitali ya Aga Khan. Wakimbiaji walikuwa wengi, tukawapisha. Pale ndipo tulipojifunza habari ya upepo, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kusi. Ukianza safari ukiwa umeupa kusi mgongo, unajisifu kwa mbio usizo nazo, halafu unarudi umeinama, umechoka na upepo uko usoni. Tuligeuza utaratibu: tuanze kwa kukabiliana nao wakati miguu ina nguvu, utusindikize wakati wa kurudi.

Na sasa Kigamboni.

Baba watoto alikuwa ameona wazungu wakiendesha baiskeli ufukweni, akavutiwa. Jambo hilo linawezekana kweli. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari ya Dar es Salaam hushuka zaidi ya mita 3 na kuacha uwanja mpana wa mchanga mbichi, mgumu, unaobeba baiskeli vizuri. Aliangalia mwezi, akachagua Jumamosi ya bamvua, na hapo alipatia. Tulivuka na pantoni kutoka Magogoni alfajiri, baiskeli zimebanwa kati ya matenga ya samaki na wanafunzi wa masomo ya ziada, tukafuata lami hadi Mjimwema na kuteremka ufukweni. Saa nne maji yalikuwa yamekwenda mbali. Sijapata kufurahi hivyo kwa muda mrefu. Hakuna gari, hakuna honi. Watoto wanachora namba nane mchangani, baba yao anaimba, nami nyuma yao na kapu lenye mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai. Tulivuka mkono mdogo wa bahari, maji vifundoni, baiskeli mabegani, tukaendelea.

Tukapumzika kwenye kivuli cha mvinje. Watoto wakaogelea, baba yao akalala. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alitutazama, akamwambia baba watoto alipoamka, "Bamvua hii, bwana. Maji yanajaa saa kumi. Saa nane pale mlipovuka hamvuki." Baba watoto alimshukuru kwa adabu, akaagiza madafu. Aliamini kuna muda. Watoto waliomba dakika tano, na dakika tano za watoto walio majini zinajulikana.

Saa nane ule mkono wa bahari ulikuwa unafika kifuani na unakwenda kwa nguvu. Uwanja wetu mgumu haukuwepo tena. Maji yalikuwa yanapiga kwenye mizizi. Tukageukia bara, kwenye njia ya mchanga mkavu katikati ya vichaka, na baiskeli zikazama. Nilimpigia mama.

"Punguzeni upepo," akasema, na nyuma yake nikasikia redio. "Mpaka tairi libonyee mkikaa. Likiwa gumu linachimba, likilegea linatambaa."

Kwa matairi mapana ya binti na baba yake dawa hiyo ilifanya kazi mara moja, wakaanza kusonga. Langu jembamba lilibaki kusukumwa. Ila mama hakuambiwa kwamba vichaka vile vilikuwa na mbigili. Mmea huo hutambaa chini, una vitunda vikavu vyenye miiba imara, na vikianguka, kila kimoja hukaa na mwiba ukitazama juu. Tulipofika karibu na lami magurudumu yote yalikuwa yamelala. Tulifungua kimfuko cha pancha: viraka vilikuwemo, msasa ulikuwemo, solusheni ilikuwa imekauka ndani ya kichupa chake kwa sababu ilishafunguliwa siku nyingi nyuma na haikufungwa vizuri.

Tulisukuma hadi kwa fundi mmoja aliye chini ya mwembe kando ya barabara, na hapo niliona kazi ya mikono inavyotakiwa kuwa. Hakutumia bisibisi. Alivua tairi kwa viganja, akauzamisha mpira ndani ya beseni na kufuata mapovu, akaweka alama kwa kalamu kila tundu. Kabla ya kurudisha chochote alichukua kitambaa, akakipitisha taratibu ndani ya tairi lote. Kila kiliponasa, alichomoa ncha ya mbigili iliyokuwa imejificha. "Mtu akiziba mpira akaacha mwiba, anaziba tena kesho," alimwambia kitinda mimba, aliyekuwa ameshika beseni. Shemeji alitukuta pale giza limeingia, akaturudisha kwa Daraja la Nyerere, watoto wamelala juu ya magunia.

Chumvi tuliiona kesho yake. Cheni zilikuwa za kahawia. Ukishaendesha ufukweni, baiskeli inaoshwa kwa maji baridi siku hiyo hiyo, inakaushwa, cheni inapakwa mafuta na kufutwa mpaka kitambaa kitoke karibu safi. Ilichukua Jumapili nzima na beseni langu la vyombo, ambalo nimeshaliachia kazi hiyo.

Baada ya Kigamboni niliogopa kwamba hamu ingekwisha. Mama ndiye aliyeirudisha. Jumapili moja alikuja nasi Mlimani, kwa kutembea, alisema. Alipofika kwenye tambarare akaomba ya bluu, akafunga kitenge cha pili juu ya gauni, akavuta upindo mbali na cheni, akaondoka. Hakuyumba. Alizunguka mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, akapiga kengele kumpisha mlinzi, akarudi na kutuambia kwamba usukani umekaa juu mno. Sasa ya bluu ina wenyewe wawili na mimi hupanda akishamaliza.

Msitu wa Pugu ndio unaotupendeza zaidi siku hizi. Uko upande wa Kisarawe, umeungana na Kazimzumbwi, chini ya uangalizi wa Wakala wa Huduma za Misitu, na ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilienea kulizunguka jiji hili. Unalipa kiingilio, unaingia kwenye kivuli, njia ni za udongo zenye vilima vya kumtoa mtu jasho, na karibu na machimbo ya zamani ya kaolini kuna pango la popo ambalo kitinda mimba hachoki kulizungumzia. Tunakwenda kiangazi tu. Masika udongo ule unashika tairi na kuziba breki. Presha ya baba watoto, daktari amesema, imeshuka, na anaongoza vilima vyote isipokuwa pale binti yake anapoamua kumpita.

Anachotaka sasa ni Bagamoyo. Ni kilomita 70 hivi, anasema tukitoka alfajiri tutafika kula samaki mchana, shemeji atatufuata na kirikuu. Mama amekataa mpaka kila mmoja aweze kuziba pancha peke yake, kwa viganja, mbele yake, bila kijiko. Jumamosi iliyopita tulipanga magurudumu uani juu ya gunia, solusheni mpya, beseni katikati, mama kwenye mkeka akiwa mwamuzi. Kitinda mimba alimaliza wa kwanza na kiraka chake hakikutoa povu hata moja. Binti akafuata, kisha mimi. Baba watoto alikuwa bado anapuliza solusheni ikauke, na mama alikuwa anamwambia asiharakishe, Bagamoyo haihami.